Mkono wa Kuchambua Kahawa

Kila asubuhi, kabla sijaanza kukamua, Bibi hutoka jikoni, husimama kwenye jiwe la mlangoni, huziba jicho la kushoto kwa kiganja na kulitazama banda la ng'ombe. Ukuta wa banda letu ni wa fito nyembamba zilizosimamishwa moja kando ya nyingine. Bibi huzitazama kwa muda wa kusali Baba Yetu, kisha hushusha mkono na kusema, "Zimenyooka." Nami huitikia nikiwa na ndoo mkononi, "Asante Mungu." Halafu yeye hurudi motoni kuandaa kahawa, na siku yetu huanza.

Hospitali walimpa kadi yenye mistari ya vyumba vidogo vidogo na nukta katikati, aibandike ukutani na kuitazama kila siku, ili mistari ikianza kupinda ajue jicho limeanza kuharibika. Bibi aliibandika, akaitazama siku chache, akaibandua. Alisema banda lililojengwa na mume wake lina mistari ya kutosha.

Asubuhi ile alisimama mlangoni mpaka nikamaliza kuosha chuchu za ng'ombe.

"Loveness."

"Abee, Bibi."

"Nani ameligusa banda?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Fito za katikati zimepinda. Kama kuna mtu alizikalia."

Niligeuka nikatazama. Fito zilikuwa zimenyooka vilevile. Nikaenda nikaziwekea mkono, sijui kwa nini, labda nilidhani nikizishika na yeye ataziona zimenyooka. Niliogopa kumjibu. Mwishowe nikasema, kwa sauti ambayo hata ng'ombe hakugeuza sikio, "Zimenyooka, Bibi."

Alishusha mkono, akaziba tena, akatazama tena. Kisha akaingia jikoni. Siku hiyo kahawa ilifurika ikazima moto.

Jicho la kushoto lilikuwa limeanza hivyo hivyo. Daktari alituambia kwamba nyuma ya jicho, pale katikati panapoona sura na maandishi, vimishipa vidogo vilikuwa vinavuja, na dawa yake ni sindano ndani ya jicho, mwezi hata mwezi. Bibi alichomwa mara chache, akasema haoni nafuu, akaacha. Doa likabaki katikati mpaka leo. Akikutazama kwa jicho hilo, huna uso. Ukimjia upande huo, ili akuone inabidi atazame pembeni yako, sikioni au ukutani, na ndiyo maana kuna akina mama kanisani waliosema Eliaichi siku hizi ana maringo, unamsalimia anatazama mgomba. Siku moja alimwamkia Praygod, kijana wa bodaboda, "Shikamoo," kwa ajili ya kofia aliyovaa. Kijiji kizima kilicheka. Bibi naye alicheka, akasema afadhali mtoto wa watu ameonja heshima mara moja.

Lakini alicheka kwa kuwa jicho la kulia lilikuwepo. Kwa hilo alisoma kitabu cha nyimbo, alichuma kahawa mbivu akaacha mbichi, na jioni mawingu yakifunguka aliutazama mlima. Hilo ndilo lililokuwa limeanza kuzipinda fito.

"Siendi," alisema nilipotaja hospitali. "Ng'ombe yuko karibu kuzaa."

Ng'ombe hakuwa karibu kuzaa. Mchana sababu ikawa mvua. Jioni akasema, "Jicho langu si kitambaa cha kudariziwa."

Mimi si mtu wa kubishana. Nimesoma ualimu, nasubiri ajira, na nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo wanafunzi wa nyuma walikuwa wakiniambia, "Madam, ongeza sauti." Nyumbani ni hivyo hivyo. Basi usiku ule nilitia makaa kwenye pasi, nikalinyoosha gauni la kanisani la Bibi, lile la bluu, nikalitundika kwenye msumari karibu na kitanda chake.

Asubuhi alilipapasa. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi."

"Sasa hili gauni la nini?"

Nilimsogezea viatu. Alikaa kitandani muda mrefu akilishika pindo.

"Moja tu," alisema. "Nitachomwa moja ili usije ukalia bure. Habari ya ya pili usinitajie."

Siku za sindano hospitalini wazee hukaa kwenye benchi refu la korido, kila mmoja na kipande cha plasta juu ya jicho litakalochomwa, wasije wakakosea. Muuguzi hupita na chupa ya matone, akiwafunua kope mmoja baada ya mwingine. Daktari alikuwa amempima Bibi na kumwambia kwa upole kwamba jicho la kulia tumeliwahi, ila sindano moja haitoshi. Atarudi kila mwezi kwanza, baadaye wataona kama zinaweza kupishana zaidi. Bibi alimtazama sikio akasema, "Nimesikia." Mimi niliijua maana ya "nimesikia" yake.

Tulipata nafasi mwisho wa benchi. Pembeni ya Bibi alikuwa amekaa mama mzee aliyejitanda khanga, uso ameuelekeza juu kwa sababu ya matone. Mapajani alikuwa na kikapu, juu ya kikapu sinia dogo, na ndani ya sinia maharage. Alikuwa anayachambua bila kuyatazama. Upande wa kidole cha mwisho ulivuta punje chache kumwelekea yeye, vidole vikazipapasa, na ile mbovu kidole gumba kiliirusha kushoto, chini ya mkono, haraka, kama anaificha. Anavuta, anapapasa, anarusha.

Bibi alikuwa anaongea nami habari za majani ya ng'ombe. Akanyamaza katikati ya neno. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu wa matone, naye alikuwa ameugeuza uso kwenye ukuta wa upande wangu, kwa hiyo nilijua anatazama upande wa pili.

"Loveness. Huyo mama anachambua nini?"

"Maharage, Bibi."

"Mbovu anairusha kwa kidole gumba?"

"Ndiyo."

"Chini ya mkono?"

"Ndiyo, Bibi."

Akavuta pumzi. Kisha akauambia ukuta, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, "Kwa mkono huo hata maharage yatakwisha kabla hayajafika chunguni."

Mama yule akasimamisha vidole. "Nani huyo anayeongea na ukuta?"

"Ni yule uliyekuwa ukimrushia punje nyeusi kwenye fungu lake."

Punje moja ya maharage ilianguka ikabingirika chini ya benchi.

"Eliaichi?"

"Ee, Digna."

"Eliaichi wa meza ya dirishani! Na mbona unanipa kisogo? Maringo yale hayajaisha?"

"Nikikutazama usoni sikuoni."

"Hee! Hata mimi. Nikikutazama naona gauni linakaa lenyewe."

Walicheka wakashikana mikono, wakacheka tena, mpaka muuguzi akaja kusema, "Mabibi, jamani, matone yatamwagika yote." Mimi nilisimama nikamwamkia Bibi Digna, na yeye akanishika kichwa akitafuta nywele zangu kama vile atanijua kwazo.

Nilikuwa namjua kwa hadithi. Tangu nikiwa mdogo, Bibi alipokuwa akichambua maharage jikoni, Digna alikuwemo katika masimulizi yake. Walikuwa wasichana wa kuchambua kahawa kiwandani, pale mjini, kabla ya mashine za kuchagua kwa mwanga kuchukua kazi yao. Bibi alinisimulia jinsi kahawa ilivyomwagwa kwenye meza yao ya dirishani ikilia kama mvua kwenye bati, na wasichana wakiwa wamekaa pande mbili, kila mmoja kutoka upande wake wa mlima. Kichagga cha Old Moshi na cha Rombo havisikilizani, kwa hiyo yeye na Digna waliongea Kiswahili, na wakigombana kila mmoja alirudi kwenye lugha ya mama yake, ugomvi ukaishia hapo kwa kuwa hakuna aliyejua ametukanwa nini. Waliimba. Walutheri wakianza wimbo upande huu, Wakatoliki walianza wao upande ule, na msimamizi aliacha tu kwa sababu mikono ilikwenda haraka zaidi. Vumbi la maganda liliwakaa kwenye nyusi, na jioni king'ora kikilia walitoka wote wakiwa na mvi, wakiitana mabibi.

"Tulikuwa tunaitana bibi," Bibi aliniambia mara nyingi, "kama mchezo."

Na kila mara hadithi iliishia mahali pamoja. Digna alipata mchumba Tarakea. Bibi alimsindikiza stendi, akambebea sanduku la bati kichwani kutoka kiwandani. Gari lilipowashwa Bibi alisema, "Haya. Wasalimie." Akarudi kazini, akakuta kwenye kiti cha Digna wameweka msichana mwingine anayetupa punje kwa mkono wa kushoto. Hapo Bibi alinituma kuni, hata kama kuni zilikuwepo.

Sasa walikuwa wamekaa bega kwa bega, na sinia la maharage liko katikati, mikono yote minne ikichambua.

"Mawenzi bado iko?" Bibi aliuliza.

"Iko. Ila nikiitazama haina kichwa. Nyie huko kwenu mlizoea kuona tumbo la Kibo tu, hamkujua mlima."

"Watu wa Rombo mnaona mlima kupitia mdomo wa kibuyu cha pombe yenu ya mbege."

"Na bado tunauona vizuri kuliko nyie mnaokunywa chai."

Muuguzi alikuja kuita, "Eliaichi, jiandae, mama." Mkono wa Bibi ukatulia juu ya sinia. Niliona vidole vyake vimejikunja. Digna naye aliviona, au alivisikia.

"Hujachomwa wewe?"

"La kushoto, zamani. Walinieleza yote, ila sikusikia hata neno. Nilikuwa nasali."

"Basi nisikilize mimi, utasali baadaye. Watakuosha kwa dawa ya kahawia, inawasha kama moshi wa kuni mbichi. Watakufunika shuka lenye tundu. Watakuwekea kidude cha kushika kope, utataka kupepesa na hutaweza, usipigane nacho. Halafu daktari atasema, tazama chini. Wewe tazama kama punje nyeusi imeanguka chini ya meza na hutaki msimamizi aione. Unaikumbuka hiyo?"

"Naikumbuka."

"Itafute hiyo. Utasikia kama mtu anakubonyeza kwa kidole, basi. Ukiona vitu vyeusi vinaelea ni dawa tu. Kesho vimeondoka."

Bibi aliingia. Niliachwa mlangoni na pochi yake, nikaishika kwa mikono miwili. Nilijaribu kusali, nikajikuta nafikiria punje nyeusi. Haikuchukua muda, akatoka ameshikwa mkono, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na kikombe kidogo cha plastiki.

"Umeitafuta?" Digna aliuliza kutoka kwenye benchi. Zamu yake ilikuwa inafuata.

"Nimeitafuta. Msimamizi alikuwa ameikalia."

Digna aliingia chumba cha sindano akiwa anacheka.

Baadaye tulikaa kantini, mabibi wote wawili wamefunikwa jicho moja, mimi nikiwakatia chapati. Veronika, mkwe wa Bibi Digna, alikuwa dirisha la dawa. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, na Bibi, ambaye huwa analalamika chai ya mjini, alikunywa yote. Waliulizana habari za wote waliokaa meza ile. Wengine walikuwa wamekufa, na wakimtaja aliyekufa waliimba kipande cha wimbo wake, wakaendelea. Nilimtazama Bibi nikamwona msichana mwenye vumbi kwenye nyusi. Nilitamani chai isiishe.

"Loveness," alisema ghafla, "wamesema nirudi tarehe ngapi?"

Nusura nimwage kikombe. Nilimtajia.

"Iandike kwenye simu yako. Na wewe Digna, yako ni siku hiyo hiyo?"

Bibi Digna alikuwa anatafuta sikio la kikombe chake. Alilipata, hakukiinua.

"Mimi sirudi, Eliaichi. Hii ya leo nimeimalizia tu."

"Husemi kweli."

"Tarakea ni mbali. Tunatoka giza, Veronika anamwacha mtoto kwa jirani. Na ya nini? Mwezi ule nilikuwa naona hivi hivi, leo naona hivi hivi. Sindano isiyoongeza kitu ni ya nini?"

Bibi akaweka kikombe mezani polepole. Nilingoja aseme. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kumjibu Digna kuliko yeye, aliyeacha la kushoto kwa maneno yale yale, na sasa kwa jicho hilo anaona watu wasio na nyuso.

"Basi hiyo tarehe, Loveness," alisema, "usiiandike."

Niliziona fito za banda, moja baada ya moja, zinapinda mpaka banda linatoweka, na Bibi amesimama kwenye jiwe lake anatazama mahali pasipo na kitu. Nikasema. Nilisema kweli, nikiwa natazama chapati, "Kuona hivi hivi ndiyo dawa yenyewe. Inazuia lisiende."

Bibi Digna aliinua uso. "Mtoto amesema nini?"

"Hajasema kitu," Bibi alijibu. "Akisema hasikiki. Kafanana na mimi."

Wakati huo Veronika alifika na mfuko wa dawa, akatuamkia haraka haraka. "Mama, gari la Tarakea linapita sasa hivi hapo getini. Tukilikosa hili tutalala njiani."

Bibi Digna alisimama, akajitanda khanga, akachukua kikapu. Sinia la maharage alimwachia Bibi mapajani. Alisema yameshachambuliwa na mikono minne ya meza ya dirishani, hayana jiwe hata moja. Walishikana mikono. Hawakucheka safari hii.

"Haya," Bibi alisema. "Wasalimie Tarakea."

"Watakusikia," alisema Digna.

Akaondoka akiwa ameshikwa na Veronika, akinyanyua miguu juu kama mtu anayevuka mfereji wa maji asiouona. Bibi alibaki amenielekezea uso wake wote, sawasawa, na mimi nilijua maana yake: alikuwa haoni chochote, wala hakutaka kuona. Mkono wake ulikuwa mezani. Kulikuwa na makombo ya chapati, na upande wa kidole chake cha mwisho uliyavuta kumwelekea, vidole vikapapasa, gumba likarusha chini ya mkono. Vuta, papasa, rusha. Makombo yalikwisha. Mkono uliendelea juu ya meza tupu.

Nilikuwa nataka kumwita Bibi Digna mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshainuka.

Kisha Bibi akageuka. Aligeuka mwili mzima, akaupa geti kisogo karibu chote, akauelekeza uso kwenye ukuta wa kantini wenye picha ya soda, mpaka ule ukingo wa jicho la kushoto, kipande hicho kimoja kilichobaki, kikawa upande wa barabara. Mtu asiyemjua angesema huyu mama ana ugomvi na anayeondoka. Mimi nilijua anamwona. Sijui alimwonaje, labda khanga tu inayotembea, labda ule mkono.

"Digna!"

Watu wote kantini waligeuka. Sikuwahi kusikia sauti hiyo nyumbani kwetu. Pale getini Bibi Digna alisimama, Veronika akiwa ameshamnyooshea dereva mkono.

"Digna, usiende!"

"Nini?"

Bibi alishika ukingo wa meza, akasimama, sinia la maharage ameliegemeza kifuani, uso bado uko ukutani.

"Nimesema usiende! Siku ile stendi nilitaka kusema usiende, nikasema wasalimie. Sikutaka uwasalimie, nilitaka ubaki. Kwangu ni hapo juu tu, kitanda kipo, uwe unakuja jana yake unalala, asubuhi tunashuka wote, na Veronika abaki na mtoto wake. Jicho lile la kushoto sikuliacha kwa sababu ya nafuu, Digna. Niliogopa. Niliingia mle peke yangu nikaogopa. Hili moja lililobaki siwezi kulileta hapa bila wewe."